Jina Lililoachwa Kumbini

Nangurukuru,
21 Januari 2024

Mdogo wangu Jerome,

Marahaba naitanguliza kabla hujanipa shikamoo yako, maana nasikia watu wakikaa sana huko Sauzi adabu inawapungua. Sisi hatujambo. Shemeji yako Alfani hajambo, ila mgongo unamsumbua tangu msimu wa kupakia korosho, na akilala ananung'unika utadhani yeye ndiye aliyewazaa hawa watoto wote. Watoto wanasoma. Banda langu la chakula linakwenda, mabasi yanashusha watu wenye njaa, na mimi nawapikia.

Barua hii nampa Lukas, dereva wa lori anayekula kwangu kila akipita. Anasema atakufikishia mwenyewe, au atampa mwenzake anayefika huko. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu yangu Mama aliitumbukiza kwenye sufuria ya mbaazi zikiwa zinachemka. Ilikuwa inalia, akadhani kuna mtoto amefungiwa ndani. Alfani alicheka, mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu. Simu ya jirani ipo, lakini kwenye simu ya jirani mtu hawezi kulia.

Basi umeshajua kwamba Mama yuko kwangu. Nilimtoa Rutamba mwezi wa kumi na moja. Alikwenda shambani akapotea, shamba lile lile alilolima tangu yeye na Baba watuhamishie huko kutoka Newala. Walimkuta kando ya ziwa, kanga imelowa mpaka magotini, anaulizia njia ya kwenda kwa mama yake.

Jambo lenyewe ni hili. Kila asubuhi anamuulizia mtoto wake wa kiume. Simaanishi wewe. Nikimwambia Jerome yuko Afrika Kusini, anaitikia kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa mtoto wa jirani. Anamtaka yule mdogo niliyekuwa nambeba mgongoni, na anamwita kwa lile jina lako la utotoni. Siliandiki hapa. Unakumbuka nililitamka mara moja tu baada ya ninyi kutoka jandoni. Nilijisahau, nilikuwa nakuita uje kula, na mjomba Leonard akanitoza kuku mbele ya watu kwa kumtukana mwanamume aliyekwisha kupita kumbini. Yule kuku sijamsahau mpaka leo. Sijalitamka tena.

Lakini Mama analitamka mchana kutwa. Basi likisimama anakwenda mlangoni kuwaangalia watoto wanaoshuka. Jerome, njoo umwone. Sikuambii uje lini, nakuambia njoo.

Dada yako,
Getrude


Pretoria,
2 Machi 2024

Dada Getrude,

Shikamoo. Na shemeji Alfani nampa shikamoo yake, mwambie mgongo wa Mmatumbi haujaumbwa kwa kazi, umeumbwa kwa kulalia. Barua yako nimeipata ikiwa na harufu ya vitunguu. Niliinusa kwanza ndipo nikaisoma.

Mimi mzima. Bado niko kwa Bi Marike, yule mama wa Kikaburu anayefuga chatu. Najua hupendi kusikia, lakini ndiyo kazi iliyonipa kula, na safari hii nina la kukusimulia.

Bi Marike anachanganya mbegu. Dume ni chatu kutoka Australia, mwembamba, ngozi ina mabaka kama zulia, na wao humwita chatu zulia. Jike ni wa Afrika Magharibi, mfupi, mnene, ukimtisha anajikunja mviringo na kuficha kichwa katikati. Huyo ni chatu mpira. Porini wasingekutana kamwe, bahari nzima iko katikati yao. Hapa wamewekwa sanduku moja. Wakizaa, watoto hawana jina katika kitabu chochote, kwa hiyo wafugaji huchukua kichwa cha jina la baba na mkia wa jina la mama, wakaviunga. Hilo ndilo linalokuwa kabila lao. Halafu kila mmoja anapewa jina lake, maana wanunuzi hawataki nyoka asiyeitwa.

Mayai ya mchanganyiko huharibika ovyo. Haya ya safari hii yaliharibika karibu yote, akatoka mmoja tu, mdogo kupita wote niliopata kuwaona. Bi Marike alikuwa amechoka. Akaniambia, huyu mpe jina wewe, la kwenu.

Dada, nilimpa lile. Nilimtazama alivyo mdogo, likanijia lenyewe. Nikajiambia jina lile nililiacha kumbini, likaungua pamoja na kibanda siku ya kutoka, na sisi tukaambiwa tukimbie tusigeuke nyuma. Mimi silitumii, ninyi mmekatazwa. Halina mwenyewe. Kiumbe hana jina na jina halina mtu, nikaona wanafaana. Nilimwandikia Bi Marike kwenye karatasi, hawezi kulitamka sawasawa lakini amelipenda. Nilidhani utacheka.

Kuhusu kuja, mwaka huu mambo yamebana. Kuna mayai mengine ndani ya kabati la joto na Bi Marike hamwamini mtu mwingine. Mwambie Mama nampenda. Au mwambie vyovyote utakavyoona inafaa.

Mdogo wako,
Jerome


Nangurukuru,
4 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Pasaka tumeila salama. Alfani bado amefunga, kwa hiyo nyumba hii mmoja anashiba na mwingine anamtazama, na hakuna aliyegombana. Ulivyoniandikia mambo ya kichwa cha baba na mkia wa mama nilimsomea. Akasema basi watoto wetu, Mmatumbi kwa Mmakonde, tungewaunga jina namna hiyo hata mpiga ramli asingejua ukoo wao. Ukioa huko, tafadhali usiniletee wa kuniita shangazi akiwa na magamba.

Habari ya jina ulilompa nyoka nimeisoma mara mbili. Kwa sasa sina la kusema.

Nina la Mama. Nilikuwa sielewi kwa nini kila mchana anapakua chakula kwenye kibakuli kimoja, kile cheupe chenye ua la buluu, anakifunika, anasema nikipeleke. Nikimuuliza nikipeleke wapi ananikasirikia. Sasa nimeelewa. Kwa akili yake mwanawe yuko jandoni, hajatoka.

Wewe ulikuwa ndani, ya nje hukuyaona. Sisi wanawake tulikuwa tunapika, wanaume wanakuja kuchukua chakula, na mama anasubiri chombo kirudi. Kikirudi kitupu anajua mwanawe anakula, yuko hai. Mtoto akifia kumbini mama hakuambiwa kwa mdomo. Chombo chake kiliwekwa mlangoni kimevunjwa. Ndiyo sababu kipindi kile chote Mama hakuwa analala. Alikuwa anasikiliza kama kuna chombo kinawekwa chini.

Basi nami nachukua kile kibakuli, nakwenda nacho nyuma ya banda, nakila kile chakula, namrudishia kitupu. Anakigeuza, anakiangalia ndani, anatabasamu. "Leo amemaliza," ananiambia. Nanenepa kwa chakula chako, Jerome.

Nimewaza hivi. Mtoto akitoka kumbini huletwa kwa mama yake amenyolewa, amevaa shuka mpya, mjomba anataja jina lake jipya, na mama anamwita kwa jina hilo. Hapo ndipo mama anajua amerudi. Njoo tukutoe tena. Alfani atakaa mahali pa mjomba Leonard, Mungu amrehemu. Hana haya lakini sauti anayo. Mama akikupokea kwa mikono yake atapumzika. Vinginevyo atakufa akiwa bado anasubiri chombo.

Getrude


Pretoria,
19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako imechelewa sana. Lukas anasema mvua ilikata barabara yenu na malori yakalala njiani. Nimefurahi kusikia mko salama. Huku baridi imeanza, nakwenda kazini nimevaa masweta mawili, moja juu ya lingine, na chatu wanaishi kwenye joto kuliko mimi.

Ulichoniandikia kuhusu vyombo sikukijua. Nimekiwaza kila siku tangu niisome. Ninachokumbuka mimi ni siku ya kutoka. Jina la Jerome lilikuwa kwenye cheti cha ubatizo tu, hakuna aliyelitumia nyumbani. Mjomba akalitaja mbele ya watu, na wenzangu wote mama zao walijikwaa, wakaanza kuita majina ya zamani, watu wakacheka. Mama hakujikwaa. Aliita Jerome mara ya kwanza, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekuwa akijizoeza.

Yule nyoka mdogo alikataa kula. Hao wa mchanganyiko wana tabia hiyo, wengine hufa hivyo hivyo. Nilikuwa namshikia panya kwa koleo muda mrefu, na siku moja nikajisikia namwita. Kwa sauti, dada, lile jina. Tangu kumbini sikuwa nimelisikia likitoka kinywani mwangu. Akala. Sisemi alisikia, nyoka hana masikio ya kusikia wito. Lakini alikula.

Juma lililopita ameuzwa kwa mtu wa Ujerumani. Mimi ndiye ninayefunga masanduku. Nilipoandika lile jina kwenye karatasi ya kubandika, mkono ukanigomea. Nililia katikati ya chumba kile mpaka Bi Marike akaja mbio, akidhani nimeumwa. Nikamwambia ni vumbi. Sanduku likaondoka.

Kuna jambo nimekuwa nikilikwepa. Si mayai yanayonizuia. Kibali changu cha kukaa huku kimekwisha muda, nikitoka sirudi tena, na huko nyumbani sina hata jembe langu. Niliogopa kukwambia kwa sababu ungeniambia jembe litapatikana. Na kuna hofu nyingine, kwamba nitafika na Mama hatanijua. Nikiwa huku angalau najua ananingoja mimi, hata kama ni mimi wa zamani.

Nipe muda kidogo. Kile kibakuli endelea kukirudisha kitupu.

Jerome


Nangurukuru,
30 Juni 2024

Jerome mdogo wangu,

Marahaba. Wazima wa mwili. Ufuta umekuwa mzuri mwaka huu, Alfani ameshinda kwenye maghala na mgongo wake ameusahau. Binti yangu mkubwa amefaulu mtihani wa nusu mwaka. Nakuandikia haya kwanza kwa sababu yanayofuata hayaandikiki.

Kibakuli kimevunjika. Hakuna wa kumlaumu. Saida, anayenioshea vyombo, alikuwa anakisuuza, kikamponyoka, kikapiga jiwe. Saida ni wa Kivinje, mambo yetu hayajui. Akaokota vipande, akaviweka mlangoni kwa Mama, pembeni, watoto wasije wakakanyaga, akaja bandani kuniomba radhi. Nilikimbia, Jerome. Nilikimbia na mwiko mkononi. Nilipofika Mama alikuwa ameshatoka, amesimama anavitazama.

Hakupiga kelele. Aliketi chini, akafungua kitambaa cha kichwani, akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia Mama, ni chombo tu, kimeponyoka. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyefiwa. "Walikukataza kuniambia. Sikulaumu," akasema.

Halafu ndipo akalia. Akalia kwa lile jina, analiita, analirudia, mpaka abiria kule stendi wakasimama kusikiliza. Majirani wakaja. Wamekuja na unga, na kuni, na mikeka, wengi wao Waislamu wa watu, wanamshika mabega, wanamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Ningewaambiaje warudi? Nikawasha moto nikapika. Tumekaa matanga ya mtu aliye hai, na mimi dada yako ndiye niliyekuwa namimina chai. Alfani alimletea picha yako, ile uliyovaa kofia, akamwambia bibi, mwanao huyu hapa, hajafa. Mama akaishika vizuri. Akasema kijana mzuri huyu, wazazi wake wamshukuru Mungu.

Sasa ametulia. Hamuulizii tena, haendi tena mlangoni kuangalia mabasi. Utulivu wake unaniumiza kuliko kulia.

Lile ulilosema mwezi wa tatu nikakaa kimya, nalijibu leo. Ulisema jina lile halina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Mama. Wewe uliliacha, sisi tulikatazwa, yeye hakuna aliyemnyang'anya. Alilihifadhi miaka yote hii bila kulitamka, na akili ilipoanza kumtoka ndilo alilong'ang'ania. Ukalitoa likabandikwa kwenye sanduku. Nilikukasirikia sana. Hasira imeisha, nimechoka tu.

Njoo, kibali kiwepo kisiwepo. Jembe litapatikana. Mama hawezi kuachwa anamlilia mtu anayepumua.

Dada yako


Tunduma,
8 Septemba 2024

Dada Getrude,

Shikamoo, na unisamehe. Najua niliondoka kwako kama mtu aliyefukuzwa, na hukunielewa, na shemeji alikasirika. Nimefika Tunduma salama. Kurudi Sauzi haiwezekani, wameniambia wazi hapo mpakani. Nimepata kazi ya kupakia kwenye maegesho ya malori. Naosha uso kwa maji ya bomba baridi na kula chips. Simu niliiuza njiani.

Nataka nikwambie kwa nini niliondoka, maana ulikuwa bandani hukusikia.

Tulifanya yote kama ulivyopanga. Mlininyoa, mkanivalisha shuka, Alfani akataja jina langu kwa ile sauti yake hadi kuku wakakimbia. Ulimwona Mama. Alipiga kigelegele kidogo, cha kumshangilia mtoto wa mwenzake. Wewe ukageuka ukaenda kuwahudumia abiria wa basi la Lindi, najua ulikwenda kulia. Mama akanipigapigia mkeka niketi karibu naye. Akaniuliza kama nilikuwa pamoja na mwanawe kule kumbini.

Dada, ningesema nini? Nilikuwa nimeshamwambia mara tatu siku ile kwamba ni mimi, na kila mara aliogopa, akatazama mlango. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naye.

"Alilia?" akaniuliza.

"Hakulia, Mama."

"Nani alimshika?"

"Mimi."

Akanishika mkono, huu wa kulia, akaugeuza akautazama kiganja, akanishukuru. Akasema, "Nilikuwa nafikiri alikuwa peke yake." Tukakaa. Akanisimulia habari zangu, dada, mambo mengine nilikuwa siyajui. Kwamba nilikuwa naogopa jogoo. Kwamba wewe ukinibeba nilikuwa nakutafuna kanga mpaka ikatoboka. Aliyasema kwa furaha, kama mtu anayesifia wa kwake kwa mgeni. Halafu akaniuliza naitwa nani.

Nikamwambia, "Jerome."

"Jina zuri," akasema. "Na mwanangu angeitwa hilo hilo akitoka. Nilikuwa nimeshaanza kujizoeza."

Hapo nilishindwa kuendelea kukaa, lakini alikuwa bado ameushika mkono wangu. Akaniambia sasa nenda, mama yako naye anakungoja, usimkalishe roho juu kama mimi. Usiku wote ulimsikia alivyokuwa anaamka, anauliza yule mtoto wa watu kwa nini harudi kwao. Asingelala mimi nikiwa ndani. Ndiyo maana nilipanda basi la kwanza. Mama yangu alinituma nirudi kwa mama yangu, sikujua niende wapi.

Nitapata nguvu nitakuja tena. Msalimie. Mwambie anayemsalimu ni yule rafiki wa mwanawe.

Jerome


Nangurukuru,
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Salamu zako zilifika, na nilizifikisha kama ulivyotaka. Alifurahi. Sisi tupo. Vuli imeanza kunyesha kidogo, Alfani amekwenda Njinjo kwa ndugu zake kuangalia shamba. Nimeongeza meza moja bandani, na Saida sasa anajua kupika pilau kuliko mimi. Naona nakuandikia mambo ya meza na pilau. Mkono unazunguka kwa sababu hautaki kufika.

Mama amefariki, Jerome, Jumanne alfajiri. Tulimpigia Lukas ili akutafute, lakini alikuwa Zambia na simu yake haikupatikana. Tukamsafirisha Rutamba tukamzika karibu na Baba. Padri alikuja, na watu wa kwaya, na Alfani aliingia kaburini na wenzake kumpokea mkwewe. Majirani wa Nangurukuru walikodi gari kutufuata. Wanawake wale wale waliokaa matanga ya kwanza.

Hakuteseka. Siku ile ya mwisho aliniomba nimtandikie vizuri, akaniambia ana safari. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kwa mwanangu. Ni mdogo bado, huko hana anayemjua."

Hilo ndilo linaloniua. Watu wananiambia amepumzika, nami naitikia ahsante, lakini moyoni najua amekwenda kukutafuta mahali usipo. Atazunguka na kuuliza, kama alivyokuwa anazunguka hapa stendi. Nimemwomba Padri aombe amwelekeze. Padri akanishika kichwa tu.

Jerome, tangu nimzike nimekuwa nikihesabu waliokuwa wakilijua lile jina kwa kulitumia. Baba hayupo. Mjomba Leonard hayupo. Mama ndiye huyo. Nimebaki mimi, na mimi nilikatazwa. Na yuko nyoka mmoja Ujerumani, anayeitwa na watu wasiomjua, kwa ulimi usioweza, na haitikii. Sikubali limalizikie huko. Kama ni kosa, mjomba atanitoza tukikutana, kuku ninao.

Mama alikuwa anapenda kusimulia kwamba ulizaliwa mdogo hata mkunga akakuweka kiganjani akacheka, akasema huyu ni punje ya choroko, sijui kama ataota. Ukaota. Siku ile niliyotozwa kuku nilikuwa nimesimama mlangoni Rutamba, chakula kimepakuliwa, wewe uko mbali na wenzako. Sikumaliza kuita. Namaliza leo.

Nimenunua kibakuli kingine. Toka huko kwenye malori, panda gari, huku ni kwenu.

Choroko. Choroko mdogo wangu, njoo ule.

Dada yako,
Getrude